Nafasi tano za madenti: kisa cha kituo kimoja Ukonga

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi kituo chetu cha Ukonga, upande wa kwenda mjini, bado kina kigiza. Taa za Kosta zinazotoka Gongo la Mboto zinaonekana kwa mbali, na kabla gari halijasimama sawasawa konda ameshatoa kichwa: "Madenti wawili tu! Wawili!" Wanafunzi ishirini na zaidi wanakimbilia mlango huohuo mmoja pamoja na watu wazima wanaowahi vibarua, masoko na maofisi. Wawili wanapenya. Konda anakaza mkono mlangoni kama komeo, anagonga bodi, gari linaondoka.

Asubuhi niliyoanza kulitazama jambo hili kwa jicho jingine nilikuwa nimesimama karibu na binti wa mtaani kwetu, wa Kidato cha Tatu. Nauli yake alikuwa ameifumbata tangu atoke nyumbani. Gari la nne lilipotuacha alifungua kiganja: sarafu ya shilingi 200, imelowa jasho, ukingo wake umechora duara kwenye ngozi. "Shikamoo mama," aliniamkia, maana ndiyo kwanza ananiona. Kisha akasema, "Hii hela ni halali kabisa mama, ila haipandi gari."

Alifika shule saa mbili na robo. Namba ilikuwa imeshahesabiwa, mwalimu wa zamu yuko getini na daftari lake. Jina likaandikwa, adhabu ikatolewa: afagie uwanja wakati wenzake wameshaingia kipindi cha kwanza. Kipindi hicho kilikuwa Hisabati.

Naandika kisa hiki kwa sababu leo, kwenye kituo hichohicho, watoto karibu arobaini wanapanda gari kila asubuhi kwa sarafu hiyohiyo. Haikutungwa sheria mpya wala hakuja mfadhili. Mimi ni mzazi wa shule ile na ndiye katibu wa kamati ndogo ya wazazi iliyolishughulikia, kwa hiyo nitaeleza tulivyofanya pamoja na palipotushinda. Majina ya watu, ya shule na ya magari nimeyaacha makusudi.

Haki ilikuwepo, mlipaji hakuwepo

Kwenye karatasi mtoto yule hakupungukiwa na kitu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua haki yake ya kusoma. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi Kidato cha Nne. Nauli yake imepangwa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA: kwa viwango vilivyoanza kutumika Desemba 2023, mtu mzima anayesafiri mjini umbali usiozidi kilomita 10 analipa 600, mwanafunzi 200. Konda anayemkataa mwanafunzi anavunja masharti ya leseni ya gari.

Sasa kwa nini anavunja kila siku, mchana kweupe, mbele ya watu mia?

Jibu la haraka pale kituoni lilikuwa kwamba makonda hawana utu. Na mimi nililisema, tena kwa sauti. Leo naona lilikuwa jibu la kivivu, kwa sababu linakuonyesha wa kumlaumu halafu linakuacha palepale ulipokuwa.

Wazee wa jiji hili wanakumbuka enzi za UDA, Usafiri Dar es Salaam. Basi la shirika likipata hasara, hasara ilikuwa ya shirika; mshahara wa dereva ulikuwa palepale. Mabasi yakapungua, mengine yakachakaa, watu wakawa wanashinda vituoni, na mwaka 1983 serikali ikaruhusu watu binafsi kubeba abiria. Nauli ilikuwa shilingi tano, "dala" ya mtaani, na jina la daladala likashika hadi leo. Katika mabadiliko hayo nauli ya mwanafunzi ilibaki kuwa agizo la serikali, lakini hakuna aliyepangiwa kulipa tofauti. Pengo la shilingi 400 kati ya mtu mzima na denti lilipaswa kutua mahali. Likashuka, likamruka tajiri mwenye gari, likatua kwa suka, yaani dereva, na konda wake.

Limemruka tajiri kwa sababu ya hesabu. Anayepanda daladala kila siku anajua: dereva analichukua gari alfajiri, na usiku anapeleka kiasi kilichokubaliwa, iwe mvua, iwe foleni, iwe gari limekwama Buguruni saa mbili nzima. Mafuta juu yake. Mpiga debe juu yake. Faini ya trafiki mara nyingi juu yake. Kinachobaki anagawana na konda, na kisipobaki kitu wanagawana lawama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, lakini wengi wa vijana hawa makubaliano yao ni ya mdomo, na leo yupo, kesho siti imekaliwa na mwingine.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi wazazi tulikuwa tumeliona kanda hilo miaka yote likiwa mgongoni mwa konda, na hatukuwahi kujiuliza lina kilo ngapi.

Wiki ya trafiki

Tulianza kwa nguvu. Wazo lilikuwa langu. Tuliandika barua, tukafuatilia, na askari wa usalama barabarani akaja kusimama pale kituoni wiki nzima. Watoto walipanda wote, hata wenye mabegi makubwa. Tulipongezana.

Jumatatu iliyofuata askari hakuwepo, na ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Magari yalianza kupita kati ya barabara bila kusogea pembeni, yakienda kusimama mita mia mbili mbele ambako watu wazima walikuwa wameshapigiwa simu wasubiri. Hata ile ya "wawili tu" ikafutika. Kijana mmoja anayetembea kwa magongo, ambaye konda mmoja alikuwa na mazoea ya kumvuta mkono na kumkalisha mbele, siku tatu mfululizo hakwenda shule kabisa. Tuliwashinda watu nguvu kwa siku tano, na waliolipa ni watoto.

Wenye uwezo kidogo walirudi kwenye njia ya zamani, kugeuza nalo: unapanda gari linalokwenda Gongo la Mboto, unakaa, unageuza nalo kuja mjini. Unalipa mara mbili, 400 badala ya 200, na unaamka saa kumi. Kwa mzazi mwenye watoto watatu wa sekondari hiyo ni 1,200 kwenda tu. Anayeuza mihogo ya kukaanga hawezi kuitoa kila siku, kwa hiyo kugeuza nalo kulikuwa kunawachuja watoto wa mtaa mmoja, sare moja, kwa uzito wa mifuko ya mama zao.

Kipande cha boksi

Kikao kilichobadilisha mambo kilifanyika Jumapili alasiri, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, nje, chini ya mwarobaini, kwa sababu ndani hapakutosha. Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyeita. Walikuja masuka wanne, makonda watatu, wapiga debe wawili wa kituo chetu, mwalimu wa nidhamu, wazazi kama thelathini na wanafunzi wawili. Nusu saa ya kwanza ilikuwa ya kutupiana maneno, nisiyoona haja ya kuyarudia.

Kisha konda mmoja, kijana wa miaka ishirini na kitu, akasimama akatoa mfukoni kipande cha boksi la sigara alichokifungua na kukilaza bapa. Upande wa ndani, ule mweupe, alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu safari zake za siku iliyotangulia, mstari kwa mstari: vichwa vya watu wazima, madenti, mafuta, mpiga debe, "soda ya suka". Akakisoma chote kwa sauti, bila hasira. Alipomaliza akanigeukia mimi, maana ndiye niliyekuwa nimeshika kalamu.

"Mama, ukinipakilia madenti kumi, kwenye tripu hiyo nimeshusha elfu nne. Asubuhi tripu mbili, jioni mbili, hiyo elfu kumi na sita. Mimi siku ikiwa nzuri nalala na elfu kumi na tano. Sasa uniambie, hao kumi nikiwabeba, nyumbani kwangu wanakula nini?"

Niliandika namba hizo kwenye kaunta buku na kuzijumlisha mara mbili. Zilikuwa sahihi. Mzee mmoja, babu wa mwanafunzi, akasema taratibu, "Kumbe siku zote tulikuwa tunakuomba mshahara wako, mwanangu." Kijana akakaa. Kuanzia hapo sauti zilishuka.

Kwa maoni yangu kisa chote kimebebwa na kile kipande cha boksi. Hadi dakika ile tulikuwa na pande mbili, watoto na makonda, kila upande ukiamini mwingine ndiye mwizi. Namba zilipowekwa wazi ikaonekana wote wawili wako chini ya mzigo mmoja, na waliotakiwa kuubeba hawakuwepo hata kikaoni: wenye magari, abiria, wapiga debe, shule, sisi wazazi. Haki ambayo bili yake amepelekewa mtu asiye na uwezo itavunjwa kila asubuhi, hata ukiiandika kwa wino wa dhahabu. Na mtu huyo ukimfunga leo, kesho atakuja mwingine mwenye hesabu ileile.

Baba mmoja alipendekeza wazazi tuongeze nauli kwa hiari: denti alipe 400, konda afurahi, yaishe. Wengi walipiga makofi. Nilipinga na bado napinga. Ukishaiweka bei ya hiari juu ya bei ya haki, mtoto mwenye 200 hapandi tena, na safari hii anakuwa ameachwa kwa idhini yetu. Mama mmoja anayepika chakula karibu na kituo, mama lishe tunayemheshimu sana, ndiye aliyetoa neno lililotufungua: "Msiba ukitokea hapa, nani anaachiwa anunue mchele peke yake? Kila nyumba inatoa. Hili nalo ni la kuchangia, ila tusichangie hela ya denti. Tuchangie hilo pengo."

Pengo likagawanywa

Hesabu tuliyoifanya ilikuwa hivi. Kila gari lichukue madenti watano kila tripu pale kituoni kwetu, kwa nauli halali. Watano mara 400 ni 2,000. Tripu mbili za asubuhi kabla ya saa moja na robo na mbili za jioni, jumla 8,000 kwa siku. Nani abebe kiasi gani?

Wenye magari tuliwafuata mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa mama mstaafu mwenye Kosta moja, aliyoinunua kwa mafao yake. Nilikwenda nikiwa na picha ya "tajiri" kichwani, nikamkuta anachambua mchicha barazani. Alinitaka nimsomee hesabu mara mbili. Akauliza kama Jumamosi na likizo zinahusika. Nikasema hapana, ni siku za shule tu. Akasema, "Basi siku za shule waniletee hesabu pungufu elfu nne. Lakini huyo kijana wangu akinidanganya kwamba kabeba watoto na hakubeba, mje mniambie wenyewe." Wa pili, mwenye magari matatu, alikubali baada ya kusikia mama yule amekubali, sidhani ningempata bila yeye. Wa tatu ana magari mawili. Alitusikiliza kwa adabu, akatuambia biashara si sadaka, akatusindikiza hadi getini.

Wapiga debe walikuwa wanachukua 500 kwa kila gari linalojaza pale. Kwa tripu mbili za asubuhi walikubali kusamehe, hiyo ni elfu moja kwa kila gari. Ilibaki 3,000, suka na konda wakasema hiyo wanaibeba wao. Nasisitiza hili: watu tuliokuwa tunawaita hawana utu walibeba sehemu yao bila kubembelezwa, siku walipoona hawaibebi yote.

Shule ilitoa kitu ambacho hakina bei. Mwanafunzi aliyekuwepo kwenye foleni kabla ya saa kumi na mbili na nusu, akikosa gari, haadhibiwi kwa kuchelewa. Mzazi wa zamu anatuma majina kwa simu kwa mwalimu wa zamu. Na wazazi tulitoa zamu yenyewe: kila asubuhi mtu mzima mmoja kituoni, na kizibao cha kung'aa tulichoazima kwa mwendesha bodaboda.

Yote hayo yaliandikwa kwenye kaunta buku, yakasainiwa mbele ya mtendaji wa mtaa. Mwalimu aliandika mabango madogo ya karatasi ngumu, "MADENTI 5", ya kuweka kwenye kioo cha mbele.

Wiki za mwanzo

Foleni ya wanafunzi ilipangwa pembeni ya nguzo ya umeme, hatua kama kumi kutoka wanaposimama watu wazima. Kijana wa magongo mbele kabisa, kisha wadogo, kisha wakubwa. Mmoja wa wale wapiga debe ndiye aliyegeuka kuwa mlinzi wa foleni, bila kuombwa. Sauti yake ya "Gongo la Mboto hiyo inakuja, wakubwa wasogee, madenti watano mbele!" ilifanya kazi kuliko barua zangu zote.

Baadhi ya abiria walilalamika. Mwanaume mmoja alisema yeye analipa 600 na anasimama, iweje mtoto wa 200 apande kabla yake? Swali lake lilikuwa la haki, na nilimjibu hivyo. Nilimwambia kwamba kiti hakuna aliyemnyima. Watoto wamepewa nafasi tano tu, wakae au wasimame, na nyingine zote ni za watakaowahi. Hakuridhika siku ile. Baada ya muda nilimwona akishika begi la mtoto aliyesimama, analipakata mwenyewe. Sikumuuliza kitu.

Yalitushinda mengi. Wiki ya tatu dereva mmoja aliumwa, gari likaendeshwa na deiwaka, dereva wa kushikia siku moja moja, ambaye hakuwa na habari ya makubaliano, akapita bila kusimama siku mbili. Tulipomfuata alituonyesha bango limo kwenye kisanduku cha dashibodi, chini ya risiti; hakujua ni la nini. Tangu hapo tajiri ndiye anayemweleza deiwaka, si konda. Halafu tukagundua vituo vilivyo nyuma yetu vilikuwa vinazijaza zile tano kabla gari halijatufikia, na wazazi wa huko walikuwa na hoja ileile ya kwetu. Tulikaa nao, tukapanga: magari mawili yahesabie kwao, mawili kwetu, na siku za mvua wote tuchukue kinachopatikana. Ilitugharimu nafasi. Ilikuwa sahihi kuzitoa, maana mtoto wa kituo cha nyuma ni mtoto vilevile. Kwa wiki kadhaa tukawa tunapandisha nusu tu ya tulioahidi, mpaka masuka wengine wawili walipokuja wenyewe kuuliza bango linapatikana wapi, kila mmoja na magari mawili ya bosi wake nyuma yake.

Kipimo changu ni daftari la mwalimu wa zamu. Muhula wa kwanza kurasa zake zilikuwa zimejaa hadi pembezoni, majina yamebanwa ubavuni kwa mwandiko mdogo. Niliomba kuliona tena baada ya miezi minne. Ukurasa mmoja ulikuwa umetosha kwa wiki nzima, na chini yake pamebaki mistari mitupu. Niliupiga picha ukurasa ule. Ninao kwenye simu.

Jioni

Asubuhi imekaa vizuri kwa sababu sote tunaelekea njia moja na muda mmoja. Jioni hatujaipatia dawa, na jioni ndiyo inayoninyima usingizi.

Saa tisa na nusu shule inapofungwa, wanafunzi wanatawanyika kwenye vituo vitatu tofauti. Wengine wana masomo ya ziada hadi saa kumi na moja. Magari ya jioni yanatoka mjini yamejaa, konda hawezi kubakiza nafasi asiyojua itajazwa wapi, na hakuna mzazi anayeweza kusimama huko, tuko kazini. Kwa hiyo watoto wanasubiri. Anayesubiri hadi saa moja usiku, tena msichana, anakutana na kila aina ya ofa. Bodaboda anamwambia panda tu, utanilipa kesho. Kesho haidaiwi hela.

Sitaki kuandika hili kwa kunong'ona. Sheria yetu ya elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, inampa kifungo cha miaka 30 anayempa mimba mwanafunzi. Mwezi Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni, uamuzi ambao niliufurahia kwa moyo wote. Lakini yote mawili yanamkuta binti baada ya safari. Mimi namtaka afike nyumbani. Tofauti ya shilingi 400 ndiyo inayomweka gizani kandokando ya barabara, na hilo tunaweza kulirekebisha.

Tulichojaribu hadi sasa ni hiki. Bodaboda wa kijiwe cha karibu na shule, ambao viongozi wao tuliwaita, wamekubali kwamba hawambebi mwanafunzi mwenye sare baada ya saa kumi na mbili jioni bila mzazi kupigiwa simu. Wengi wanatii, na wale wa kijiwe wenyewe ndio wanaowakemea wanaotoka nje ya mstari. Shule imesogeza masomo ya ziada yaishe saa kumi. Hatua ndogo, lakini mwezi uliopita nilipita pale saa kumi na mbili na nikakuta watoto saba. Zamani wangekuwa thelathini.

Mbele tunapoangalia

Njia za mabasi yaendayo haraka zimejengwa kwenye Barabara ya Nyerere hadi Gongo la Mboto. Kimara walianza kuyapanda Mei 2016, na tumesikia mazuri na malalamiko, hasa msongamano. Mimi nina matumaini makubwa na mabasi hayo kwa sababu moja ambayo sioni ikisemwa sana: dereva wake ni mwajiriwa wa mshahara. Denti akipanda kwa nauli yake, pengo halitoki kwenye ugali wa aliyeshika usukani. Dereva huyo hana sababu ya kumkimbia mtoto, na kosa likitokea unajua mlango wa kugonga.

Daladala hazitaisha, na hazipaswi kuisha. Bila hizo mitaa ya ndani itabaki mbali na barabara kubwa. Kwa hiyo naona yanayowezekana, tena si ya miaka hamsini. Suka na konda wapewe mkataba ulioandikwa, wenye mshahara hata kama ni mdogo, na nyongeza ya kazi juu yake. LATRA inapokaa na wadau kupanga nauli, pengo la mwanafunzi liwe na mstari wake kwenye karatasi: kiasi gani, na nani anafidia. Halmashauri inaweza kuanza na ruti chache zenye shule nyingi. Jiji la watu 5,383,728 kwa sensa ya mwaka 2022 haliwezi kukosa njia ya kugawana shilingi 400. Sisi kituo kimoja, tukiwa na kaunta buku, tuliweza kugawana.

Nimeulizwa na wenzangu kama hii haitutwishi sisi kazi ya serikali. Inatutwisha, kwa sehemu, na ndiyo maana naandika. Tunataka liwe jambo la kudumu ambalo halimtegemei mama mstaafu mwenye roho nzuri wala mpiga debe mwenye sauti kubwa. Lakini tulipokwenda wilayani hatukwenda na malalamiko matupu. Tulikwenda na namba, na watu walioko tayari, na ukurasa wa daftari lenye mistari mitupu. Afisa aliyetupokea alivuta kiti akauliza, "Hii 8,000 mliigawaje?" Tukazungumza saa nzima.

Yule binti sasa yuko Kidato cha Nne. Yeye na mwenzake ndio viranja wa foleni. Januari, Kidato cha Kwanza walipoanza, nilimkuta amemshika bega mtoto mgeni aliyekuwa anakimbilia mlango wa gari kama tulivyozoea zamani. "Mdogo wangu, foleni yetu ile pale kwenye nguzo," alimwambia. "Na hiyo hela usiifumbate hivyo, utampa konda ukishakaa."

Yule tajiri wa tatu ametuma ujumbe kupitia dereva wake. Anataka tukutane Jumamosi saa nne, na ameomba tumletee kaunta buku na lile daftari la mwalimu wa zamu ayaone mwenyewe.